Siku ya Nane Juu ya Jabali

Sikupanga kumdanganya mama. Nilipanga kuwadanganya watu wengine wote, na mama akajikuta humo humo kwa sababu tunaishi nyumba moja. Nikisema hivi nasikika kama najitetea, na pengine kweli najitetea, lakini acha nianze hapo.

Mama yangu ana miaka themanini na mbili na ana kisukari. Tunakaa wawili tu, ghorofa ya kumi na moja, kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch hapa Toronto, kwenye jengo ambalo lifti yake inasubiri ununue mfuko mkubwa wa mchele ndipo iharibike. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Mount Dennis. Nawaosha, nawageuza, nawavisha, nawalisha, halafu narudi nyumbani kumtunza mzee wangu mwenyewe. Jumamosi ni kwaya. Jumapili ni ibada, baada ya ibada kikao cha akina mama, na baada ya kikao kuna mtu amefiwa na ndugu huko kwetu Uvira, twendeni tukamfariji. Nani atajaza fomu za uhamiaji? Mimi. Nani ana gari? Mimi. Nani hajui kusema hapana? Haya.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nasema ule wa kufika nyumbani, ukazima injini pale kwenye maegesho, ukashindwa kufungua mlango wa gari. Nilikuwa nakaa mle dakika ishirini, thelathini, naangalia usukani. Siku moja nilikaa mpaka samaki wa barafu niliokuwa nimenunua wakayeyuka na kulowesha kiti. Gari lilinuka mwezi mzima na kila mtu kanisani aliyepanda alinipa ushauri wa namna ya kuondoa harufu.

Kitu pekee kilichokuwa changu ni kayaki. Miaka sita iliyopita maktaba ya mtaani ilibandika tangazo: masomo ya bure kwa wanawake, kupiga kasia ziwani, chai itatolewa. Kusema kweli nilifuata chai. Hata kuogelea nilikuwa sijui. Kayaki ni kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, unakaa umenyoosha miguu ndani, na kasia lake lina ubapa pande zote mbili. Mwalimu, dada mmoja mwenye mabega kama ya mbeba mizigo, alinisukuma majini, na pale pale nikaona jambo lililonifurahisha kuliko yote: hakuna kiti cha pili. Hakuna anayeweza kukaa pembeni yako akakwambia shida zake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tangu hapo sikukosa kiangazi hata kimoja. Mama nilimwambia naenda mazoezi kwa ajili ya goti. Sisi tulivuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, kwenye boti iliyojaa kupita kiasi, na siku tulipokanyaga Kigoma mama aliapa kwamba yeye na uzao wake wote hawatapanda tena chombo cha majini. Na mtoto wake ni mimi peke yangu.

Yule mwalimu ndiye aliyenitia hamu ya mto wa kaskazini. Yeye alishausafiri peke yake. Siku sita, alisema, huoni nyumba, husikii gari, simu haishiki. Alikuwa ananitahadharisha. Mimi niliposikia simu haishiki, moyo ulinidunda.

Sasa unaagaje? Kwetu sisi, mwanamke wa miaka hamsini na minne haondoki hivi hivi. Ukisema unaenda likizo wanauliza na nani, na kwa nini usiende kumwona shangazi yako Ottawa. Ukisema unaenda mtoni peke yako wanaitana kukuombea. Lakini ukisema unaenda mlimani, mahali pa faragha, kufunga na kuomba siku saba na simu imezimwa, hakuna anayekuuliza kitu. Wanakufungulia mlango wenyewe. Tena wanakupa na mahitaji yao uende nayo. Mimi nilipewa karatasi tatu zimejaa majina ya wagonjwa na watu wanaotafuta viza.

Mama nilimkuta anachambua maharage.

“Siku saba?” akauliza.

“Siku saba, mama.”

“Unaenda kumwomba Mungu nini?”

“Nimechoka, mama. Namwomba anipumzishe.” Hilo halikuwa uongo.

Akaacha maharage. “Basi nami nitafunga. Huwezi kufunga peke yako.”

“Mama! Na sukari yako? Daktari alisemaje?”

“Haya, haya, usinipigie kelele. Nitaomba tu.”

Namjua mama yangu. Kambini Kigoma, jirani akifunga naye alifunga, hata kama ni jirani waliyetukanana naye jana yake kwenye foleni ya maji. Kwake yeye kumwacha mtu afunge peke yake ni kumtupa. Nilimjua hivyo tangu utoto, na bado nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulinifaa. Nilimwomba jirani yetu, mama mmoja wa Kirundi wa mlango wa pili, amchungulie asubuhi na jioni, ahakikishe anakula ndipo ameze vidonge. Jirani alinishika mabega akasema, “Nenda, mtumishi wa Mungu. Usiwe na wasiwasi wowote.”

Nitasema kabisa hapa nilichokuja kukijua baadaye, ili habari za mto uzisome ukijua. Mama alifunga tangu siku ya kwanza. Alikuwa hali kitu mchana kutwa, jioni anakunywa uji mwepesi kikombe kimoja. Vidonge alimeza kila asubuhi kwa maji matupu, kwa kuwa daktari hakusema aviache. Jirani alipobisha hodi, mama alimwambia ameshakula. Na alijiwekea sharti kwamba hatafungua mfungo mpaka anione nimeingia mlangoni.

Mimi nilikuwa kwenye basi naenda kaskazini, safari ya zaidi ya saa kumi, miti ile ile.

Mwisho wa basi kulikuwa na mji mdogo na mzee mmoja wa Kizungu anayekodisha mitumbwi. Aliniangalia juu hadi chini akaniuliza, “Peke yako?” Akauliza tena tulipokuwa tunapakia, na tena tulipofika mtoni. Alinusa begi langu la chakula akarudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimebeba unga wa ugali, chai, na ndagala waliokaushwa, dagaa wa ziwa letu, mfuko mzima. Alisema dubu wote wa kaskazini watahudhuria. Nikamwambia ugali mtupu ni adhabu na mimi sijatenda kosa. Tukaelewana: ndagala wakatiwa kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, nami nikaapa kulining'iniza pipa mtini kila jioni, mbali na hema.

Alinipa pia kifaa kidogo cha setilaiti cha kumwandikia ujumbe mfupi, na fomu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari: mtu wa kujulishwa likitokea jambo. Kalamu ikasimama hapo. Nikiandika namba ya jirani, mzee huyu akipiga tu, uongo wangu umefichuka kanisa zima. Nikaandika namba yangu mwenyewe, ya ile simu niliyokuwa nimeizima na kuisokomeza chini ya nguo. Mzee alisoma akatia sahihi, hakushtuka.

Siku nne za kwanza sitazipamba. Mbu walikuwa wengi, na usubi ndio balaa zaidi, vile vidudu vyeusi vidogo vinavyong'ata nyuma ya masikio mpaka damu inatoka na hujasikia. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mahali pengine mto unaporomoka juu ya mawe, na hapo lazima ushuke, ubebe mizigo yako kupitia msituni, uiweke, urudi, uburute kayaki. Nilikuwa naiongelesha kama ninavyowaongelesha wazee kazini. “Haya bibi, moja, mbili, tatu, tunageuka. Pole, pole bibi, karibu tunafika.” Siku ya pili niliingia maji makali ambayo ningeyapita kwa miguu kama ningekuwa na akili. Kayaki ikalala ubavu, nikalipiga kasia kwa nguvu zote, ikainuka. Nilijitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa kile Kiingereza ambacho mama hajui kama nakijua.

Na uchovu haukuondoka. Hilo ndilo lililoniuma. Nilifikiri nimeuacha Toronto, kumbe nilikuja nao. Jioni ya siku ya nne nilifika kambini, nikala, nikanawa, nikakaa mbele ya hema nikashindwa kufungua zipu. Nilikaa pale naiangalia, usubi wananila. Nikasema, Mungu wangu, hata huku?

Siku ya tano mto unajitanua kuwa ziwa, na ng'ambo ya ziwa, baada ya safari ya nusu siku, kuna daraja ambapo mzee angenichukua. Nikakuta upepo. Mawimbi yenye povu, na kayaki ni kitu chepesi. Nikavuta kila kitu juu ya jabali pana la kijivu lililokuwa pale ufukweni na kumwandikia mzee: upepo mkali, niko salama. Akajibu neno moja: kaa. Nikakaa siku ya tano, ya sita, na ya saba. Siku ya saba ndiyo niliyotakiwa kuwa nyumbani.

Sikuwa na raha siku hizo. Nilikuwa naamka kila saa kuangalia maji, nahesabu unga uliobaki, nakaza kamba za hema. Jioni ya siku ya saba upepo ukakatika ghafla, ziwa likatulia. Nikapiga hesabu: nikiondoka alfajiri, adhuhuri niko darajani, mzee ananipeleka mjini, napanda basi la jioni, asubuhi ya siku ya tisa nabisha hodi kwangu.

Alfajiri ya siku ya nane niliamka kweli. Nikang'oa nusu ya vigingi vya hema. Nikakaa juu ya jabali nifunge kamba za viatu, na sikuinuka.

Nilimfikiria mama. Nisingependa mtu aseme sikumfikiria mama yangu. Nilijiambia, mama yuko na jirani, mama anadhani niko na Mungu, na siku moja haitamuua mtu. Nilisema maneno hayo hayo, kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusikia. Kisha nikamwandikia mzee: kesho. Nikavua viatu.

Nililala juu ya lile jabali tangu jua linachomoza mpaka limepita utosini. Jiwe lilikuwa na joto na upepo mdogo tu, kiasi cha kufukuza usubi. Niliamka, nikanywa chai, nikalala tena. Hakuna aliyeniita mama, wala dada, wala mtumishi wa Mungu. Mabega yangu, ambayo kwa miaka mingi yanakaa karibu na masikio, yalishuka yenyewe. Nilikula ugali na ndagala kwa mikono, taratibu, nikalamba vidole. Nililia kidogo pia, kilio kizuri. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ambayo sikuwa nayo tangu mwanangu wa pekee, ambaye sasa yuko Calgary, alipozaliwa. Nilizitoa zile karatasi tatu za maombi, nikasoma majina yote moja moja kwa sauti, nikaona angalau hilo nimelifanya.

Siku ya tisa nilivuka ziwa naimba. Mzee alikuwa darajani na chupa ya kahawa. Alinipa mkono akasema hakutegemea kwamba nitafika. Kwenye gari lake, tulipokaribia mji, nikachimbua simu chini ya nguo nikaiwasha, na ikaanza kulia ikakataa kunyamaza. Simu thelathini na moja nilizokosa, zote za siku hiyo hiyo. Nikampigia jirani.

“Uko wapi?” Alikuwa anahema. “Mama ameanguka jikoni. Saa sita. Nimemkuta sakafuni, haongei, macho yako wazi. Tuko hospitali. Wanauliza ndugu zake, nawaambia binti yake yuko mlimani, wananiuliza mlima gani.”

Saa sita. Ningekuwa nimefika tangu asubuhi. Ningekuwa pale jikoni, naikoroga chai yake.

Sikumbuki safari ya basi. Nakumbuka tu kwamba nilinuka moshi na samaki, na abiria aliyekuwa karibu nami alihama kiti. Niliomba njia nzima, kweli kweli sasa, bila maneno ya kanisani. Nilisema usimchukue, usimchukue, nitakufanyia chochote, usimchukue.

Nilimkuta hai. Alikuwa mdogo kwenye kitanda, dripu mkononi, midomo imekauka na kupasuka. Daktari alieleza kwamba sukari ilishuka mno, vidonge bila chakula, na mwili umekosa maji. Umri wake, alisema, na akaacha hapo. Jirani aliinuka akanikumbatia mbele ya wauguzi wote. “Mtumishi wa Mungu, umerudi. Shetani alitaka kuvuruga maombi yako, ameshindwa!” Nilitamani sakafu ipasuke. Jirani wa watu, alikuwa hajalala, bado anakwenda kazini kiwandani. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti, nikarudi, nikakaa.

Mama alinyoosha mkono akauchukua wangu. Akaugeuza kiganja juu. Malengelenge ya kasia yalikuwa yamepasuka na kuwa magamba. Akanitazama uso uliovimba kwa kuumwa na usubi.

“Mlima gani una wadudu namna hii?”

“Si mlima, mama. Ni mto.”

Nikamwambia yote. Kayaki, miaka sita ya goti la uongo, mzee wa mitumbwi, namba niliyoandika kwenye fomu, upepo. Alisikiliza amefumba macho.

“Majini? Peke yako?”

“Peke yangu.”

“Jamani. Na kula ulikuwa unakula?”

“Nilikula, mama.”

“Nini?”

“Ugali. Na ndagala.”

“Kila siku?”

“Kila siku.” Hapo nikashindwa, nikaweka kichwa changu kwenye shuka lake nikalia kwa sauti. Nilikuwa nangoja anigombeze. Nilitaka kabisa anigombeze, anitaje jina langu lote na la baba yangu, anikumbushe ile boti. Mama yangu anajua kugombeza. Ningeyapokea yote, tukamaliza.

Aliniwekea mkono kichwani, ule wenye dripu. “Sasa, ulipumzika?”

Sikutegemea swali hilo. “Siku moja,” nikasema. “Ile moja tu.”

“Siku ipi?”

“Ya nane. Upepo ulikuwa umetulia, mama. Ningeweza kuja. Nilikaa tu. Nililala juu ya jiwe siku nzima.”

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, midomo inacheza. Alipofika ya nane akaacha. Akarudia kuhesabu tangu mwanzo, nami nikaona uso wake unabadilika, nikajiandaa.

“Siku ya saba hukurudi,” alisema. “Nikajua Mungu bado hajakujibu. Ya nane, alfajiri, nikaacha uji, nikaacha na maji, vidonge nikavimeza vikavu. Nikamwambia, sitakunywa hata tone mpaka umpumzishe huyu mtoto wangu, amechoka.” Alikuwa anatabasamu na midomo yake iliyopasuka. “Na wewe siku hiyo hiyo ukalala.”

“Mama, sikiliza. Mimi ndiye niliye…”

“Siku hiyo hiyo!” Alinipiga kofi dogo begani, kwa furaha. “Alinisikia. Unaona? Alinisikia. Nenda sasa kaniombee chai, waambie watie maziwa.”

Nilikwenda kuomba chai. Nilisimama ukumbini na kikombe mkononi mpaka kikapoa, ikabidi niombe kingine.

Amepona, ila tangu aanguke mguu wa kushoto anaukokota, na peke yake siwezi tena kumwacha. Kayaki sasa ninaiona kwenye picha tu. Kila baada ya muda fulani mchungaji humwita mbele atoe ushuhuda wa jinsi alivyomwombea binti yake apumzike, na mama husimama ameshika fimbo, mto hautaji hata siku moja, anaeleza habari za siku ya nane. Kanisa zima linasimama linapiga makofi. Mimi niko benchi ya tatu na koti lake mapajani, na napiga makofi pamoja nao.